Kabla Hujamwangalia Wambui Mdomoni

Kwa Njeri, mama yangu kwa jina na mtoto wangu kwa mengine yote,

Barua za watu huanza na "natumai u mzima wa afya kama nilivyo mimi." Hiyo nimeiruka. Kuanzia kesho wewe ni mtu wa afya, na nikikuandikia maneno ya aina hiyo utaanza kunikagua: mzima kivipi, Baba, na shingo hiyo? Basi tuseme tu kwamba nimeketi hapa Kikopey, buchani kwetu kwa nyama choma, kwenye meza ya pembeni, wateja wa mchana wameondoka na wa jioni bado wako barabarani. Kalamu ni ya Karis anayechoma nyama. Karatasi nimekatiwa na mdogo wako Wambui kutoka daftari lake la shule, akanionya nisiharibu kwa sababu hatanipa nyingine.

Mambo ya kawaida sitayagusa. Kufunga mlango wa chumba, kutoazima watu sufuria, kwenda kanisani, kutopanda pikipiki ya mtu usiyemjua, yote hayo mama yako amekuwa akikuambia kwa simu tangu ulipoenda Nakuru kwa shangazi yako kununua vitu vya chuo. Nilikuwa nimekaa hapo karibu. Nilikusikia ukijibu "eeh, mum, eeh, mum" mpaka sauti ikachoka. Mimi nitakupa karatasi hizi jioni ukifika nyumbani, uzisome peke yako, halafu kesho asubuhi kuna jambo moja utanifanyia kabla ya kubeba begi. Nitalifikia. Usiruke mbele kulitafuta, nakujua.

Karis amepita hapa na sinia, akasimama kunichungulia.

"Mzee, unaandika risala ya harusi?"

"Namwandikia Njeri."

"Si umpigie? Ama bando imeisha?"

"Simu ina sauti yangu ndani."

"Na sauti yako iko na shida gani?"

"Inachekesha."

Akacheka. Unaona? Hata hiyo sikuisema kwa mzaha. Ndiyo sababu ninaandika, Njeri. Nikikuambia jambo kwa mdomo, wewe mwenyewe unaanza kutabasamu kabla sijafika katikati. Karatasi haina hii sura yangu.

Acha niseme haraka kabla sijapata mzaha wa kujificha nyuma yake. Naogopa. Mimi niliyekuwa taniboi wa malori, niliyelala chini ya lori njia ya Juba tukisikia bunduki, niliyebishana na askari wa mipaka mitatu kwa lugha nisizozijua na wakaniachilia wakiwa wameshika mbavu. Mimi niliyesimamisha waziri hapa Kikopey na msafara wake wote kwa kupunga mguu wa mbuzi, kazi yangu hii ya kuita wateja. Sijawahi kuogopa mtu. Lakini hiyo kozi yako imenitia baridi tangu siku ulipoitaja.

Unakumbuka? Ulikuwa unachambua maharagwe na mama yako, ukasema umechagua elimu ya afya na uhamasishaji wa afya. Nilikuwa nimeshaambia watu wote wa hii barabara kwamba unaenda kuwa daktari. Nikauliza, kwani udaktari uliisha? Ukasema, Baba, daktari angemfanyia nini cucu, mama yako? Amnyooshe mgongo kwa pasi? Mama yako akakuangalia, akaniangalia. Nilitoka nje nikajifanya naangalia ng'ombe. Ng'ombe hata hatuna.

Unajua jambo hili kuliko mimi, lakini acha nilieleze kama ninavyolielewa mimi, mtu aliyeachana na darasa la saba kwa makubaliano ya pande zote mbili. Maji ya visima vyetu yana kitu. Ni safi kwa macho, hayanuki, yanatoka chini sana kwenye mawe ya hili bonde, na mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanajitengeneza ndani ya ufizi, meno hayo yanatoka tayari yameshaiva, rangi ya chai ya maziwa, mengine rangi ya chai ya rangi. Mtu akiyanywa maji hayo miaka na miaka, kile kitu kinaingia mpaka kwenye mifupa. Na ukiyachemsha hayapungui. Hapo ndipo sisi tulipojiona wajanja kuliko wote. Tulikuwa tumefundishwa kuchemsha, na hakuna nyumba iliyochemsha kama ya cucu. Alichemsha mpaka sufuria ikawa na ukoko mweupe ndani, akawaringia majirani, kwetu hakuna anayeharisha. Na kweli hatukuharisha. Tulikunywa kile kitu kikiwa kimepikwa vizuri.

Cucu Njeri, ambaye una jina lake. Alianza kwa kusema shingo imekaza. Halafu mgongo. Halafu akawa anatembea akitazama vidole vya miguu yake. Ukitaka akuone uso ilibidi uchuchumae mbele yake kama unayetafuta shilingi iliyoanguka. Watu walisema ni kuni alizobeba tangu usichana, na mimi nikasema hivyo hivyo, kwa sababu kila mama tuliyemjua alibeba kuni. Mazishini nilisema cucu alikuwa anaangalia chini kwa sababu huko juu alishaangalia akaona hakuna kipya. Kanisa zima lilicheka. Mchungaji alicheka. Wewe ulikuwa darasa la sita na hukucheka, na nilikuona.

Meno ya rangi niliyafanya mtaji. Nikiwa Malaba au Kampala nikifungua mdomo tu, mtu anasema, huyu ni wa Nakuru, na mimi nasema, ndiyo, nimebeba kitambulisho mbele ili polisi wasisumbuke. Wanacheka, wananinunulia chai. Nilidhani mtu akicheka kwanza yeye mwenyewe, basi amemaliza hiyo vita. Labda kwa mwanamume wa barabarani ni kweli. Sikufikiria kwamba nilikuwa nawafundisha watoto wangu kuwa hicho ni kitu cha kuchekwa.

Sasa Zipporah. Sitaikwepa hiyo hadithi kwa sababu hata nikitaka sitaweza, watu wa hapa hunilipia soda ili niisimulie. Lakini sijawahi kukusimulia wewe, kwa sababu ulikuwepo, umekaa kwenye nyasi mbele yangu na watoto wengine.

Alikuja baraza la chifu ametumwa na watu wa maji wa Nakuru mjini, msichana mwembamba, buti za mvua kubwa kumzidi, na ndoo mbili zimepandanishwa. Kwenye ndoo ya juu kulikuwa na vipande vyeusi. Akaeleza vizuri, polepole, kwamba hivyo ni mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwenye tanuru mpaka ikawa kama makaa, kwamba maji yakipita hapo yanaacha ule ubaya nyuma, kwamba mifupa yenyewe inaokotwa machinjioni na kwenye mabucha kama yetu. Watu walikuwa wanasikiliza, Njeri. Hiyo ndiyo sehemu ambayo huwa siisimulii. Mama Shiro alikuwa ameshasogeza kiti. Mzee wa kanisa alikuwa ameuliza swali zuri. Mimi nilikuwa nyuma, na watu watatu wanne wakageuka kuniangalia, kama wanavyofanya siku zote, kuona nitasema nini. Mtu akishakuwa na jina la kuchekesha, kunyamaza kwake kunaonekana kama kushindwa.

Nikasema, "Dada, sisi watu wa Kikopey maji ya mifupa tunayajua. Tunayaita supu. Tofauti ni kwamba sisi huweka kitunguu."

Baraza likaanguka kwa kicheko. Chifu akapangusa macho. Zipporah akangoja, akatabasamu kidogo, akafungua mdomo aendelee, na mtu mwingine akapiga kelele, "Na pilipili!" Basi. Kila alipotaja mifupa, kicheko. Mwisho akawa anaongea na ndoo zake. Halafu kile kicheko kikaoza kidogo, ndivyo huwa, na mama mmoja akauliza, hiyo mifupa tunajuaje ni ya ng'ombe? Haikuhitaji kuulizwa mara mbili. Kabla jua halijashuka kulikuwa na watu wanaosema ni mifupa ya makaburini. Wale waliochukua ndoo zake za kugawa waliweka vifaranga ndani. Sisi tulipanda dania.

Alipokuwa anaondoka nilimsaidia kufunga mzigo kwenye pikipiki, kwa sababu mimi si mtu mbaya, na akaniambia, "Mzee, una kipaji." Nilijisikia vizuri mpaka nikafika nyumbani. Mpaka leo sijui kama alinisifu.

Sasa angalia ninachoogopa. Huko unakoenda, upande wa Kisumu, na kila kijiji watakachokutuma ukimaliza, kuna mtu kama mimi. Yuko pale ameshakaa nyuma, ameegemea mti au pikipiki, hana chuki na wewe hata kidogo. Si mganga, si adui wa serikali, si mlevi. Ni mtu anayependwa. Utakuwa umesoma miaka minne, umebeba ukweli mzima mkononi, na yeye atatumia sentensi moja. Nimekuwa naiona sura yako mahali pa sura ya Zipporah. Naiona nikiwa nimesimama barabarani na aproni, gari inakuja, na mkono wangu unachelewa kuinuka.

Na kuna yale yanayokuja baada ya kicheko. Ulinionyesha wewe mwenyewe kwa simu yako wale wauguzi waliofukuzwa na akina mama walioshika miiko ya kupikia, siku ya chanjo. Ulinionyesha kama jambo la kusoma. Mimi niliangalia viatu vya yule msichana aliyekuwa mbele akikimbia.

Kwa hivyo nisikilize, si kama baba, kama mwizi anayekuambia mlango gani huwa haufungwi. Ukifika mahali, kabla hujaongea na chifu na kabla hujafungua makaratasi yako, uliza, hapa nani huchekesha watu? Watakuambia mara moja. Nenda kwake. Kaa, kunywa chai yake, mwache akutanie mpaka achoke. Usimshinde kwa mzaha, hata kama unaweza, na unaweza, hiyo umenirithi. Halafu mwombe akusaidie kazi. Siku ya mkutano ashike kikombe, amimine maji, chochote, lakini awe mbele na si nyuma. Mtu kama mimi akiwa mbele anaogopa kuaibika pamoja na wewe. Zipporah angenipa ile ndoo niishike, Njeri, ningeitetea mpaka na ngumi.

La pili ni la hapa kazini. Wewe ulikuwa ukinicheka, Baba usinifundishe kusimamisha watu kama magari. Lakini unajua asubuhi, kabla mteja hajaja, tunafanya nini? Tunaegesha gari letu wenyewe mbele ya bucha. La Karis lisilo na injini, tunalisukuma mpaka pale pale kila siku. Dereva hasimami kwa sababu nimepunga mguu wa mbuzi. Anasimama kwa sababu ameona mwingine amesimama. Usihubirie kijiji kizima. Tafuta nyumba moja, iegeshe pale mbele.

Nimekuandikia kama mtu anayejua. Sasa nikwambie nilichojaribu mimi mwenyewe, nione kama bado utaniheshimu.

Ulirudi likizo ukiwa kidato cha kwanza, ukatukalisha mezani na kitabu cha baiolojia. Wambui alikuwa anaanza kutambaa. Ukasema mtoto huyu asinywe maji ya kisima, anywe ya mvua, na mvua ikikosa apitishiwe kwenye mifupa. Mama yako hakuuliza mara mbili. Siku hiyo hiyo alimwaga dania, akaosha ile ndoo, na kesho yake akanituma Nakuru mjini kutafuta wale watu wa mifupa. Tukapiga mabati mfereji, tukanunua tangi. Mimi nikasema nitafanya kubwa zaidi, nitakwenda barazani kurekebisha mambo. Mdomo uliovunja ndio utakaojenga.

Hukuwepo siku hiyo, ulikuwa umerudi shule. Nilivaa koti. Nikasimama mbele, nikasema, "Watu wangu, ile siku ya Zipporah nilikosea. Hii mifupa ni ya kweli. Nimeweka kwangu."

Halafu Mama Shiro, yule yule aliyekuwa amesogeza kiti, akaanza kutikisika mabega. "Ngojeni," akasema, "ngojeni, anakuja na kitunguu!"

Nikasema, si mzaha, jamani. Wakalala kwa kicheko. Nikasema, naapa, mama yangu alikufa ameinama. Mzee mmoja akajibu kutoka nyuma, "Si ulisema alikuwa amechoka kuangalia juu?" Kicheko chake nilikijua. Kilikuwa changu. Nilisimama pale nikiwa na koti, nikiwa na maneno ya kweli mdomoni kwa mara ya kwanza, na hakuna mtu hata mmoja aliyeweza kuyasikia. Nikafanya nini? Nikasema, "Na pilipili." Wakapiga makofi. Nikaketi.

Mpaka leo watoto wa Mama Shiro wanakunywa kisima. Naona meno yao wakipita kwenda shule, na hunisalimia kwa furaha sana, kwa mdomo wote.

Ukinikuta kwenye hivyo vitabu vyenu, niambie. Hilo pia naliogopa. Shingo yangu haigeuki tena kushoto, hilo unajua. Usilojua ni kwamba majuzi hapa barabarani nilikuwa napungia gari la kutoka Gilgil na lori likatoka upande mwingine. Sikuliona. Karis alinivuta kwa aproni, kamba ikakatika. Nikawaambia wateja kwamba nilitaka kujua kama breki za lori zinafanya kazi. Daktari mmoja alisema ni baridi yabisi, mwingine akasema ni umri, na inaweza kuwa kweli, mimi si mtu wa kubishana na stethoskopu. Lakini asubuhi nikiamka naangalia vidole vya miguu yangu muda mrefu kuliko zamani. Utakuwa darasani siku moja, mwalimu ataonyesha picha ya mtu aliyekaza hivi, na watu wataandika, na wewe utaacha kuandika. Siku hiyo usinipigie simu darasani. Toka nje kwanza, unywe maji. Ya mvua.

Hiyo ya mwisho imenitoroka, samahani. Nilisema sitafanya mzaha.

Nirudi kwako. Nimepanga picha zako zote kwenye simu, za kipaimara, za shule, za harusi ya shangazi. Hakuna hata moja yenye meno. Unatabasamu kwa macho tu, midomo umeifunga kama fundi wa nguo aliyebana pini. Na nakumbuka siku uliyokuwa darasa la saba nikakukuta nyuma ya choo, una kitambaa na ule unga mweupe wa Kariandusi ambao vijana wa machimbo hurudi nao wamejaa mpaka kwenye kope. Ulikuwa unasugua meno. Ulikuwa umeshasugua muda mrefu, mate uliyotema yalikuwa mekundu. Sisi tumejengwa juu ya udongo mweupe kuliko kitu chochote, na wewe ulidhani unaweza kuuhamishia mdomoni. Nikasema, "Eh, fundi wa rangi, ukimaliza hapo kuna ukuta wa jikoni." Ukacheka kidogo, ukifunika mdomo kwa mkono. Nilienda zangu nikijiona baba mzuri anayejua kumchangamsha mtoto.

Mkono ule hujawahi kuushusha. Utasimama mbele ya watu ukiwaambia habari za miili yao, na watakuangalia mdomoni. Sina dawa ya hilo. Ninachojua ni kwamba siku uliyotukalisha mezani na kitabu cha baiolojia uliongea dakika nyingi bila kuufunika, hukujua, na mama yako akainuka akaosha ndoo. Mimi nimepigia watu kelele maisha yangu yote na sijawahi kumfanya mtu ainuke namna hiyo.

Sasa lile jambo.

Wiki iliyopita, wewe ukiwa Nakuru, Wambui alitoka jino la chini, la mbele. Alilitoa mwenyewe kwa uzi wa gunia. Tulitoka naye nje alirushe juu ya paa kama ulivyorusha yako, kama nilivyorusha yangu kwenye nyasi za nyumba ya cucu. Nikamwambia aombe jipya. Akasimama pale, mguu mmoja mbele, akalitupa kwa nguvu, likagonga mabati, likateremka, likaingia kwenye mfereji wa kupeleka maji kwenye tangi. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani:

"Nipe lingine! Lakini jeupe, si kama la Baba!"

Mama yako alikuwa anaanika nguo. Hakugeuka.

Nimechekwa kutoka hapa mpaka Bukavu, Njeri. Hakuna aliyenifikia hapo.

Tangu siku hiyo hesabu zangu zote ni moja. Tulianza na maji ya mvua alipokuwa anatambaa. Je, tulichelewa? Kabla ya hapo alishakunywa uji wa kisima? Alikunywa. Ule mwaka wa kiangazi tangi likakauka, ndoo ya mifupa ilikuwa imezeeka, na mimi nilikuwa nasema wiki ijayo nitaenda mjini kuibadilisha. Wiki ijayo zilikuwa ngapi? Yale maneno yangu ya supu yalichelewesha kiasi gani? Hakuna wa kumuuliza. Jibu liko ndani ya ufizi wa mtoto wa miaka sita, limeshaandikwa, na linapanda juu polepole.

Leo asubuhi alikuja nikiwa nafunga viatu. "Baba, kuna kitu kigumu hapa. Angalia." Akafungua mdomo wote, akasimama kati ya magoti yangu, akafumba macho.

Nikamwambia, "Ngoja Baba atafute miwani."

Mimi sina miwani. Sijawahi kuwa na miwani. Nikatoka, nikapanda gari nikaja kazini, nikamwacha amesimama na mdomo wazi.

Mama yako ameliona hilo jino. Najua ameliona kwa sababu hajaniambia.

Kwa hivyo ombi langu ni hili. Kesho asubuhi, kabla gari lako halijafika, mwite Wambui uani mahali penye mwanga. Atafurahi, amekungoja akuonyeshe. Mwinue kidevu uangalie vizuri. Wewe ndiye uliyetuletea kitabu mezani, na itakuwa kazi yako ya kwanza, hata hujaingia darasani. Kwanza mwambie yeye jambo zuri, lolote la kweli utakalolipata pale mdomoni, kwa sababu atakuwa anaangalia uso wako jinsi cucu alivyokuwa akituangalia tukichuchumaa. Halafu geuka uniambie mimi.

Likiwa jeupe, sema ni jeupe. Likiwa limeingia rangi, sema limeingia rangi. Usianze na "Baba, usijali." Usitafute maneno ya kuniponya. Wala usiniangalie kama unangoja nitasema nini, kama watu wote wanavyoniangalia, kwa sababu nikiangaliwa hivyo nitasema kitu, na kitakuwa cha kuchekesha, na Wambui atakisikia.

Nitakuwa nimesimama pale mlangoni nimeshika begi lako. Utaniona nimenyamaza. Hujawahi kuniona hivyo, usishtuke. Sema tu, na mkono usiuweke mdomoni.

Baba yako,
anayekungoja jioni hii barabarani.